Hata Yuda alioshwa miguu

Vijana wenzangu, leo tuongee habari za kanisani. Wewe usiyesali usifunue ukurasa kwanza, maana stori hii ina vyeo, ina usaliti, na kuna mama mmoja aliyekwenda kuwaombea wanawe ukubwa.

Mama huyo ni mke wa Zebedayo. Soma Injili ya Mathayo, sura ya 20. Alimwomba Yesu wanawe wawili wakae mmoja kulia na mwingine kushoto katika ufalme wake. Wenzao kumi waliposikia walikasirika kweli kweli. Mimi nahisi kilichowauma ni kuwahiwa! Yesu akawaita wote, akawaambia kwamba kwao anayeutaka ukubwa ndiye atakayewatumikia wenzake.

Hawakushika somo. Luka anasimulia kwamba hata kwenye karamu ya mwisho walibishana tena nani mkubwa. Jioni hiyohiyo, kwa mujibu wa Yohana sura ya 13, Yesu alivua vazi lake, akajifunga kitambaa kiunoni, akamimina maji kwenye beseni. Enzi zile watu walitembea na makubazi kwenye vumbi, na kuosha miguu ya wageni ilikuwa kazi ya watumwa. Petro akagoma. Na ukimwangalia vizuri Petro, utaona kama naye alikuwa analinda chake, maana kama bosi anaosha miguu, msaidizi wake ataosha nini?

Ila kuna kitu watu wengi wanakiruka. Yuda alikuwepo. Alitoka nje usiku ule baada ya kuoshwa, na Yesu alikuwa anajua anakwenda wapi. Alimwosha hivyohivyo, na Yuda hakubadilika.

Siku hizi Wakatoliki hufanya tendo hilo Alhamisi Kuu, na Wasabato huoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Safi sana. Lakini kuna kanisa moja nalifahamu, wale 12 wanaochaguliwa husugua visigino kwa jiwe tangu Jumatano! Miguu inafika altareni inang'aa kuliko beseni lenyewe. Sasa hapo padri anaosha nini, jamani?

Aliyejaribu miguu yenye vumbi kweli ni Papa Fransisko. Aprili 2019, akiwa na miaka 82, aliwaita Vatikano viongozi wa Sudan Kusini, nchi iliyoingia vitani Desemba 2013. Rais Salva Kiir alikuwepo, na hasimu wake Riek Machar pia. Mzee akapiga magoti kwa kusaidiwa, akabusu viatu vyao mmoja mmoja, akiwaomba wadumu kwenye amani.

Februari 2020 waliunda serikali ya umoja. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake, na Aprili mwaka huohuo Fransisko akafariki. Wapo washikaji zangu wanaosema mzee alijidhalilisha bure, eti mkubwa hainami kwa watu kama wale. Mimi nawaambia kwa hesabu hiyo hata beseni la Yuda lilikuwa hasara. Unyenyekevu wa namna hii hauna risiti. Ukiinama huku unapiga hesabu utapata nini, hiyo ni kampeni.

Na kampeni tunazijua. Uchaguzi wa umoja wa vijana ukikaribia, ghafla kila mgombea anafagia kanisa, anabeba viti na kuwashika mkono bibi zetu kwenye ngazi. Mwaka jana kwetu kulikuwa na jamaa mmoja alikuwa anabeba viti vinne kwa mpigo, hadi kina dada wakampa jina la Winchi. Kura zikahesabiwa, akashindwa.

Jumapili iliyofuata viti tulibeba wenyewe.