Kiongeza Unyevu na Kesi ya Seoul

Kiongeza unyevu ni mashine ndogo ya stima inayogeuza maji kuwa mvuke au ukungu mwembamba na kuutoa chumbani ili hewa isikauke kupita kiasi. Mashine hii ilipata umaarufu katika nchi za baridi kali. Huko, hewa ya nje wakati wa baridi hubeba mvuke kidogo sana, na ikishaingia ndani na kupashwa moto huzidi kuwa kavu. Ndiyo maana Mkenya aliyehamia Minnesota au Toronto humaliza Januari yake ya kwanza akiwa na midomo iliyopasuka na pua inayotoka damu. Siku hizi mashine hizo zinauzwa hata Thika na Ruiru, na mwenye nyumba wa Kalimoni anayeitamani ana swali moja la kujibu kabla ya kutoa pesa: je, hewa ya nyumba yake ni kavu kweli?

Kalimoni iko katika eneo bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, kwenye uwanda ulio mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kiangazi halisi ni Januari na Februari, wakati jua linapowaka na vumbi la murram kupeperuka hadi ndani ya kabati. Juni hadi Agosti mvua ni haba, lakini mawingu hutanda, baridi huingia, nguo hukawia kukauka kambani na ukungu huota ukutani nyuma ya kabati. Kuwasha kiongeza unyevu miezi hiyo ni kuulisha ukungu huo.

Hata Februari, ukavu wa Kalimoni ni wa mchana zaidi kuliko wa usiku. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, na asilimia ya unyevu hueleza tu ni kiasi gani cha uwezo huo kimetumika. Chukua alasiri yenye joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 35. Hewa hiyo hiyo ikipoa hadi nyuzi 14 kabla ya alfajiri, bila kuongezewa hata tone, unyevu wake hufika karibu asilimia 80. Chumbani, ambako joto huteremka hadi nyuzi 22 tu, hewa hiyo itakuwa na unyevu wa karibu asilimia 50. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani hupendekeza unyevu wa nyumbani uwe kati ya asilimia 30 na 50. Kwa hiyo mtu anayewasha mashine usiku kucha katika chumba cha namna hii anatibu ugonjwa ambao haupo, tena anawaandalia makao mazuri wadudu wadogo wa vumbi wanaochochea pumu.

Njia ya kuujua ukweli ni kununua kwanza kipima unyevu, kifaa kidogo cha betri ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine. Kiwekwe mbali na dirisha, jiko na ukuta unaopigwa na jua, kisha kisomwe asubuhi, alasiri na kabla ya kulala kwa wiki moja au mbili. Kikionyesha chini ya asilimia 30 saa ambazo watu wamo ndani, mashine ina kazi ya kufanya. Kikionyesha 45 huku koo likiendelea kuwasha, huenda shida ni vumbi la barabarani na la ujenzi, au moshi wa jiko. Dawa ya hayo ni kitambaa kibichi cha kupangusia, pazia linalofuliwa mara kwa mara na jiko kutolewa nje. Sufuria ya maji juu ya jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa haifai kamwe. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Nyumba ikithibitika kuwa kavu, kuna aina tatu za kuchagua. Ya kwanza huchemsha maji. Mvuke wake ni safi kwa sababu vijidudu vingi hufa kwa joto, lakini maji yake huweza kumbabua mtoto, na stima inayokula si haba: mashine ya wati 300 ikiwaka saa nane humaliza yuniti 2.4 za tokeni. Ya pili hutumia feni inayopuliza hewa kupitia kichujio kilicholowa. Hii ni salama na hujidhibiti yenyewe, kwa maana hewa inayokaribia kushiba hufyonza maji polepole, ila kichujio kinataka kubadilishwa, na kisipobadilishwa huota kuvu. Ya tatu, inayouzwa zaidi, hutetemesha maji kwa kasi kubwa hadi yakavunjika kuwa ukungu baridi. Haina kelele na hula stima kidogo, wati 30 hivi. Ubaya wake ni kwamba haichagui: chochote kilichomo ndani ya maji hurushwa hewani. Maji ya kisima, ambayo wengi wa Juja na Ruiru huyategemea, hubeba madini, na madini hayo hutua kwenye meza, runinga na vitabu kama unga mweupe. Yanayofaa mashine hii ni maji yasiyo na madini, yaliyotoneshwa. Kuchemsha maji ya kisima hakutoshi, kwa kuwa madini hubaki.

Kuhusu ukubwa, chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu na nusu hakihitaji maji mengi. Kukipandisha kutoka asilimia 35 hadi 45 huchukua gramu zipatazo 70, yaani vijiko vitano hivi vya mezani. Tatizo ni matundu ya hewa juu ya madirisha, ambayo nyumba nyingi za Kenya zinayo. Hewa ikibadilika mara moja kwa saa, gramu hizo 70 hutakiwa upya kila saa, na dirisha likiwa wazi kazi yote ni bure. Mashine inayotoa mililita 200 kwa saa yatosha chumba kama hicho, bora iwe na swichi inayojizima unyevu ukifikia kiwango kilichowekwa. Vile vyombo vidogo vya mafuta ya manukato ni vya harufu, si vya unyevu. Na mashine iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani isomwe kibandiko kabla ya kuchomekwa: ikiwa ni ya volti 120 pekee, stima ya Kenya ya volti 240 itaiunguza.

Jambo zito kuliko yote ni kile kinachotiwa ndani ya tangi, na hapo ndipo kifaa hiki kinapoingia katika historia ya uhalifu. Wasomaji wa Kenya wa visa vya kweli vya uhalifu wamelelewa na majambazi wa benki na wafungwa. *My Life in Crime* cha John Kiriamiti kilitoka mwaka 1984 mwandishi akiwa bado gerezani, na *Birds of Kamiti* cha Benjamin Garth Bundeh, cha 1991, kinahusu gereza lisilo mbali na Ruiru. Kesi ya Korea Kusini haina bastola wala gari la kutorokea. Silaha yake ilikuwa chupa iliyonunuliwa dukani kwa nia njema.

Mwaka 1994 ilianza kuuzwa nchini humo dawa ya kumiminwa kwenye tangi la kiongeza unyevu ili kuua vijidudu. Kampuni nyingine zikafuata. Bidhaa iliyouzwa zaidi, ya kampuni ya Oxy iliyonunuliwa na Reckitt Benckiser ya Uingereza mwaka 2001, ilikuwa na kemikali iitwayo PHMG kwa kifupi, na kibandiko chake kilidai ni salama kwa mwili wa binadamu. Kemikali hiyo ilikuwa imezoeleka katika kazi za usafi, ambako haivutwi puani. Ndani ya mashine ya kutetemesha maji iligeuka matone madogo mno yaliyopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, usiku baada ya usiku, katika vyumba walimolala watoto wachanga na mama waja wazito.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 2006 madaktari wa watoto waliona wagonjwa ambao mapafu yao yalikuwa yakikakamaa bila sababu inayojulikana, na visa kama hivyo vikawa vinarudi kila baridi ikiisha. Kidokezo kilikuwa katika majira yenyewe, maana baridi ndiyo msimu wa mashine hizi. Mwaka 2011 kundi la kina mama wajawazito na waliojifungua karibuni lililazwa katika hospitali ya Asan jijini Seoul wakiwa na maradhi hayo hayo. Wachunguzi wa serikali walilinganisha maisha ya wagonjwa na ya watu wengine, na dawa ya tangi ikajitokeza. Mwezi Agosti mwaka huo umma ulionywa, majaribio kwa wanyama yakathibitisha tuhuma hiyo, na bidhaa zikaondolewa madukani. Maelfu ya watu wametambuliwa rasmi kuwa waathiriwa, wakiwemo wengi waliofariki. Reckitt Benckiser iliomba radhi hadharani mwaka 2016. Januari 2017 mkuu wa zamani wa Oxy, Shin Hyun-woo, alihukumiwa kifungo cha miaka saba, kikapunguzwa hadi sita katika rufaa. Kwa familia zilizozika watoto, adhabu hiyo ilikuwa ndogo mno, na ni vigumu kutokubaliana nazo.

Tangi linahitaji usafi kwa sababu maji yaliyolala huotesha bakteria na kuvu, lakini usafi huo hufanywa mashine ikiwa imezimwa. Maji yamwagwe kila siku na tangi likaushwe. Kila siku ya tatu lisuguliwe, magamba ya madini yaondolewe kwa siki, na dawa yoyote iliyotumika isuuzwe hadi isibaki hata harufu. Jiki, dettol, mafuta ya manukato au dawa ya kikohozi visitiwe tangini. Matone yakianza kuonekana kwenye kioo cha dirisha, mashine izimwe. Na pua ya mtoto inayotoka damu mara kwa mara, hata kipima unyevu kikionyesha 50, ipelekwe kwa daktari.