Flashi si ghala la takwimu za miaka mingi

TAKWIMU za utafiti katika Bonde la Kilombero zinaweza kupotea bila moto wala mafuriko, iwapo zimehifadhiwa katika kifaa ambacho kompyuta za kesho hazitaweza kukisoma.

Ufuatiliaji wa vizazi, vifo na uhamaji wa watu katika wilaya za Kilombero na Ulanga ulianza mwaka 1996. Kijiji cha Kivukoni nacho ni miongoni mwa vile ambako Taasisi ya Afya Ifakara imetafiti mbu waenezao malaria. Thamani ya kumbukumbu za namna hiyo huongezeka kadiri miaka inavyopita. Lakini mwaka 1996 faili zilihamishwa kwa disketi za megabaiti 1.44, ambazo kompyuta mpya za leo hazina hata pa kuziingiza.

Flashi, iliyochukua nafasi ya disketi, hutunza data kwa chaji ya umeme inayovuja polepole, na haraka zaidi penye joto. Kuichomoa wakati kompyuta ingali inaandika huweza kuvuruga orodha ya faili, ingawa lawama kwa kawaida huangukia virusi.

Mfumo wa uandishi nao una vikwazo. FAT32 husomwa na karibu kila kompyuta, lakini haipokei faili moja ya gigabaiti 4. NTFS huipokea, ila kompyuta za Apple kwa kawaida huisoma tu bila kuiandikia.

Kwa hiyo nakala huwekwa mbili au zaidi, mahali tofauti, na kuhamishiwa kifaa kipya wakati kile cha zamani kingali kinafunguka.