Simu ya Duka Ilibaki Dukani

Je, umewahi kwenda ushago Desemba na duka likakufuata mfukoni? Mimi limenifuata miaka mingi. Nauza vifaa vya ujenzi pembeni mwa Nairobi: simiti, mabati, misumari, rangi. Tunasafiri usiku na watoto, nauli imepanda kama kawaida ya msimu, tunafika Webuye asubuhi macho mekundu, na kabla chai haijamiminwa simu imeanza. "Bosi, kuna mtu amelipia mifuko kumi. Imeingia?"

Lazima aulize mimi, kwa sababu meseji za till zilikuwa zinakuja kwenye laini yangu peke yake. Kijana wa duka hangeweza kumpa mteja hata msumari kabla sijasema ndiyo. Na nilijiona mwerevu, ati nalinda pesa.

Desemba ya mwaka juzi baba aliniita chini ya mwembe. Alikuwa na jambo. Tukakaa, simu ikalia. "Baba, dakika moja tu." Akajibu, "Maliza kwanza, nakungoja." Simu tatu baadaye nikarudi, nikakuta kiti kitupu. Mzee alikuwa ameingia kulala, na alfajiri sisi tukapanda basi kurudi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Sisi tuliojiajiri hakuna wa kutuandikia hiyo barua. Na kusema tu "nazima simu" hakusaidii: ikiwa duka linategemea simu hiyo, ukiizima umefunga duka.

Kwa hivyo mwaka jana nilianza wiki mbili mapema. Meseji za till nikazihamishia kwenye simu ya duka, kabambe inayokaa hapo kaunta. Kijana nikamsajili kama msaidizi: anaona malipo yakiingia, lakini hawezi kutoa hata shilingi. Uliza mtoa huduma wako jinsi ya kupanga hivyo, na usichukue njia ya mkato ya kumpa mtu PIN yako, hata akiwa mtoto wa dada yako. Kitu kimoja nilimrudia mpaka akachoka: usiamini meseji unayoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Za uongo zipo, na zinafanana kabisa. Mzigo unatoka malipo yakionekana kwenye simu ya duka, basi. Tukakubaliana nitampigia saa mbili usiku, dakika kumi.

Siku ya kwanza mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe. Binti yangu akaniuliza, "Baba, simu yako imeharibika?" Usiku kijana akaniambia mteja fulani alitaka mabati kwa mkopo, akamkatalia, na yule mteja akalipa. Kumbe anaweza! Miaka yote nilikuwa nimemfunga mikono, halafu nalalamika kwamba hana akili ya biashara.

Siku ya tatu nikaenda mwenyewe chini ya mwembe. Mzee hana haraka. Tulianza na mvua, tukaenda kwa mahindi, tukafika kwa ng'ombe aliyekauka maziwa, nusu saa nzima. Ndipo akatoa simu yake. "Hizi pesa unazonitumia," akasema, "huwa zinapungua njiani?"

Hazipungui. Natuma Sh3,000 kila mwezi, na ada ya kutoa naongeza juu. Lakini macho ya mzee hayasomi tena maandishi madogo, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akimkabidhi simu kijana mmoja wa sokoni akamtolee. PIN alimtajia siku ile ya kwanza. Alikuwa akiletewa Sh2,000, mwezi mwingine Sh2,200, anaambiwa ndiyo hiyo imekuja. Kuniuliza kwa simu hakutaka, asije akaonekana anadai zaidi.

Nikanyamaza. Mimi ninayemhubiria mfanyakazi wangu habari za PIN, ya baba yangu ilikuwa inajulikana sokoni. Na hilo ndilo jambo lililokuwa limeningoja mwaka juzi nikiuza simiti.

Yule kijana tulimwacha kwa wazee wa kijiji, hiyo ni hadithi nyingine. Sisi tulishughulikia simu. Sasa kabla sijatuma nampigia baba kumwambia kiasi, na akienda kutoa anaongozana na mama, anayesoma meseji na kuhesabu noti palepale mbele ya wakala.

PIN ilibidi ibadilishwe siku hiyohiyo. Nilimsomea menyu hatua kwa hatua mpaka tukafika mahali pa kuweka mpya. Hapo akanipa mgongo. Vibonyezo anavijua kwa vidole. Akabonyeza nne, akarudia nne kama ilivyotakiwa, akaitia simu kwenye mfuko wa shati. Hakuniambia ni ngapi, nami sikuuliza.