Kamera inayoona pande zote: nani atoe ruhusa?

Ndugu viongozi na familia mliohama makwenu,

Wageni wanaokuja kupiga picha mmekwisha wazoea. Lakini siku hizi kuna kamera ya aina nyingine, na ni vizuri kuifahamu kabla haijawafikia. Ina lenzi zaidi ya moja na inarekodi pande zote kwa pamoja. Mtazamaji aliye mbali huvaa miwani kubwa inayofunika macho; akigeuza kichwa anaona kulia, kushoto na nyuma, kana kwamba amesimama hapo mlipo. Ufundi huu unaitwa uhalisia pepe.

Faida ipo. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulionyesha filamu ya Clouds Over Sidra, inayomhusu msichana wa Siria wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, nchini Yordani. Wakubwa waliokutana Davos, Uswisi, waliitazama ili waguswe na maisha ya kambini. Mwaka 2017, mjini Paris, Karim Ben Khelifa alionyesha The Enemy. Humo mtazamaji anatembea katikati ya wapiganaji wawili walio maadui, wakiwemo wa hapa Kongo, na kumsikia kila mmoja akieleza adui yake ni nani na amani kwake ni nini.

Hatari nayo ipo. Kwa kamera ya kawaida, asiyetaka kuonekana husimama nyuma ya mpiga picha. Kamera hii haina nyuma. Ikiwekwa penye bomba la maji, inamchukua mama anayeteka, mtoto anayepita, na hata mtu anayejificha kwa sababu anatafutwa. Inaonyesha pia njia, milango, na nani anakaa karibu na nani. Na picha ikisha kusambaa, hairudi.

Ndiyo maana ruhusa ya kiongozi mmoja haitoshi. Kabla ya kukubali, kamati iulize:

1. Kamera itawekwa wapi na saa ngapi? Watu wote wa mahali hapo wameelezwa kwa lugha wanayoielewa, ili asiyetaka aondoke mapema?
2. Tutavaa miwani na kuona picha sisi wenyewe kabla hazijatolewa?
3. Nani atazitazama, na kwa muda gani?
4. Mtu akibadili mawazo, amwambie nani?
5. Kwa mtoto, mzazi amekubali? Na mtoto mwenyewe je?
6. Anayekataa atabaki kwenye orodha ya msaada?

Swali la sita ndilo zito kuliko yote. Mwenye njaa ni vigumu kumwambia «hapana» yule anayegawa unga. Kwa hiyo anayeomba ruhusa ya picha asiwe yeye anayegawa msaada, na asiombe siku ya mgao.

Mgeni mwema atayajibu maswali haya bila kukasirika. Akikataa kuyajibu, nanyi mna haki ya kukataa kamera yake.