Mganga Hajigangi: Habari za Kuendesha Vyama Huku Texas



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike kurasa chache juu ya uendeshaji wa vyama. Walisema, "Wewe ndiyo kazi yako, hutakosa la kusema." Ni kweli, kwa miaka mingi nimelea watoto wangu kwa kazi hiyo. Lakini wasomaji wa Houston, hasa wale waliokuwapo kwenye msiba wa mwaka 2019, watashangaa kuona kwamba mimi ndiye niliyepewa mada hii. Kwa hiyo nitaanza na kazi yenyewe, kisha nitaeleza yaliyotokea msibani, na mwisho nitaeleza jinsi tulivyotengeneza mambo, ili watoto wetu watakaposhika chama wasirudie kosa langu.

KAZI YA KUTUNZA VYAMA VYA WATU

Nyumbani mtu akisikia neno chama, aghalabu hufikiri siasa. Huku Marekani karibu kila fani ina chama chake, na eneo letu la Dallas na Fort Worth ni makao ya vyama vikubwa. American Heart Association, kilichoundwa mwaka 1924, kilihamisha makao yake kutoka New York na kuja Dallas mwaka 1975. Wahandisi wa mafuta, yaani Society of Petroleum Engineers, wako Richardson. Madaktari wa huduma za dharura, American College of Emergency Physicians, wako Irving. Kule Houston makampuni ya kuchimba visima vya mafuta yana chama chao, International Association of Drilling Contractors.

Hivyo ni vyama vyenye majengo na wafanyakazi wao wenyewe. Lakini viko vingi vidogo, vya wataalamu mia chache tu, ambavyo haviwezi kuajiri hata karani mmoja. Vyama vya namna hiyo hukodi ofisi inayoviendesha vingi kwa pamoja: simu moja, mhasibu mmoja, na kabati moja la majalada. Mimi niliingia katika ofisi ya namna hiyo kaskazini mwa Dallas nikiwa mbandika anwani juu ya bahasha, hata mwisho nikakabidhiwa vyama vitatu nivitunze.

Kazi yenyewe haina miujiza. Mwanzo wa mwaka unapeleka madai ya ada, na asiyelipa unampigia simu kwa adabu. Unaandika kumbukumbu za kila kikao na kuzisambaza kabla watu hawajasahau walichokubaliana. Unaandaa uchaguzi, unahesabu akidi, unahakikisha kila hundi ina sahihi mbili. Ukifika mkutano mkuu, unafanya mkataba na hoteli, na hapo ndipo wengi huungua vidole, kwani ukiiahidi hoteli vyumba 200 na wakaja watu wa vyumba 120, mikataba mingi inakutaka ulipe sehemu kubwa ya vile vilivyobaki vitupu.

Mama aliyenifundisha kazi alikuwa na kalenda kubwa ukutani, kila chama na rangi yake. Humo aliandika tarehe za kodi, za bima, za uchaguzi na za ripoti za serikali. Alinifunza kufungua kila barua siku ile ile iliyofika na kuigonga muhuri wa tarehe. Jambo hilo nililifanya kwa vyama vya watu miaka yote bila kukosa.

CHAMA CHETU WENYEWE

Chama chetu kilizaliwa kwenye meza ya kulia chakula, kusini-magharibi ya Houston, baada ya pilau. Wazee wetu hawakuwa wageni wa mambo haya. African Association iliundwa Dar es Salaam mwaka 1929, na kutokana nayo ikaja TANU tarehe 7 Julai 1954. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na KNCU yao tangu mwaka 1933. Vyama hivyo vilisimama kwa katiba, ada na kumbukumbu. Sisi nasi tukaandika katiba kurasa nne, kwa Kiswahili.

Sheria ya Texas inataka chama kisicho cha faida kiwe na wakurugenzi wasiopungua watatu, na mtu mmoja asiwe rais na katibu kwa wakati mmoja. Tukajaza fomu, tukaipeleka kwa Katibu wa Jimbo kule Austin pamoja na dola 25. Fomu inadai pia jina na anwani ya wakala aliyeandikishwa, yaani mtu wa kupokea barua zote za serikali kwa niaba ya chama. Wote wakanigeukia mimi. Nikaandika jina langu na anwani ya nyumba niliyopanga wakati ule.

Baadaye nikapata ile kazi ya Dallas, nikahamia Arlington, takriban maili 240 kutoka Houston. Niliendelea kuwa katibu. Nilibadili anwani yangu katika leseni ya gari, katika benki yangu, hata kwa duka la matairi. Anwani ya chama sikuibadili.

Ofisi ya Austin inaweza kukitaka chama kipeleke ripoti fupi, si zaidi ya mara moja katika miaka minne: wakurugenzi ni nani, wakala ni nani, anwani ni ipi. Ada yake ni dola 5. Barua ya kudai ripoti yetu ilikwenda kwenye ile nyumba ya zamani, kwa mpangaji asiyetujua. Chama kisipojibu kinapoteza haki ya kuendesha shughuli zake, na kikizidi kunyamaza kinafutwa. Sisi tuliendelea na mikutano na pilau, huku kwenye vitabu vya jimbo hatupo.

MSIBA WA MWAKA 2019

Machi mwaka ule kaka yetu mmoja alifariki ghafla mjini Houston. Aliacha mjane na watoto wawili, na aliwahi kusema waziwazi kwamba angependa kuzikwa kwao Moshi. Kwa ajili ya siku kama hiyo tulikuwa tumechanga kwa miaka sita. Benki tulikuwa na dola 9,400.

Hundi zetu zilihitaji sahihi mbili: ya katibu na ya mweka hazina. Mweka hazina alikuwa amerudi Dar es Salaam moja kwa moja, na mrithi wake tulimchagua kwa kupiga makofi, bila kuandika popote. Benki ikasema, na ilikuwa na haki, kwamba haiwezi kubadili watia sahihi bila kumbukumbu za uchaguzi na cheti cha jimbo kwamba chama kipo hai. Niliketi pale kwenye kiti cha mteja, karani akageuza kioo cha kompyuta yake ili nisome mwenyewe. Chama chetu kilikuwa kimeshapoteza haki zake. Nilisoma anwani iliyoandikwa pale, nikaitambua.

Kuhuisha chama si kazi ngumu, ila kunahitaji siku, na maiti haingoji. Ikabidi tupitishe bakuli upya. Watu wale wale waliokwisha kuchanga kwa miaka sita wakafungua pochi mara ya pili. Usiku wa tatu tulihesabu noti za dola 20 juu ya meza ya jikoni, shemeji yetu mfiwa akiwa ameketi chumba cha pili na mlango wazi. Alisikia kila hesabu na kila upungufu. Marehemu aliondoka Houston siku ya kumi na moja.

Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja aliniita kando baada ya misa akaniambia, "Mwanangu, watu hawakukosa moyo, na pesa hazikukosekana. Tumekosa karatasi, na karatasi ndiyo kazi tuliyokupa." Wahenga walisema mganga hajigangi. Mimi niliuelewa msemo huo siku ile.

JENERALI NA UKUTA WA GALVESTON

Mkutano uliofuata ulikuwa wa moto. Wa Houston walitaka chama kivunjwe, wa Dallas walitaka chao peke yao, na kila mtu alisema kwa wakati mmoja. Mwenyekiti aligonga meza mpaka glasi ikaanguka.

Niliporudi nyumbani nilikichukua kitabu ambacho ofisini kwetu kilikuwa kama msahafu wa kazi, Robert's Rules of Order. Mwandishi wake, Henry Martyn Robert, alikuwa mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863, kule New Bedford, Massachusetts, aliombwa kuongoza mkutano kanisani kwake, hajui aanzie wapi, na mkutano ukamshinda. Kwa fedheha hiyo akajifunza kanuni za mikutano, na mwaka 1876 akazitoa katika kitabu. Ni kanuni nyepesi: asemaye apewe nafasi na mwenyekiti, jambo moja lijadiliwe kwa wakati mmoja, hoja iungwe mkono, walio wengi waamue na walio wachache wasikilizwe.

Wasichokijua wengi ni kwamba bwana huyo ametuachia kitu kingine hapa hapa Texas. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kiliupiga mji wa Galveston, jirani na Houston, kikaua watu wasiopungua 6,000. Robert, wakati huo jenerali mstaafu, aliongoza halmashauri ya wahandisi watatu iliyobuni ukuta wa bahari wenye kimo cha futi 17. Ujenzi ulianza mwaka 1902, na sehemu ya kwanza ilikwisha mwaka 1904. Kimbunga kikubwa kilirudi mwaka 1915, na ukuta ulisimama.

Katika mkutano wa pili niliomba radhi mbele ya wote, kisha nikawasimulia habari hiyo. Mama mmoja wa Alief akasema, "Basi na sisi tujenge ukuta, maana kifo kitarudi." Hoja hiyo iliungwa mkono, na ikaandikwa kwenye kumbukumbu.

TULIYOYABADILI

Kwanza, chama kina sanduku lake la posta, na anwani ya wakala hukaguliwa kila mkutano mkuu. Haikai tena kwa mazoea.

Pili, watia sahihi ni wanne, wawili Houston na wawili Dallas na Fort Worth, na wowote wawili wanatosha. Kila uchaguzi huandikwa, hutiwa sahihi, na nakala hupelekwa benki wiki hiyo hiyo.

Tatu, tuna kalenda. Chama ambacho mapato yake ya kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka hupeleka IRS, yaani idara ya kodi ya serikali kuu, taarifa fupi iitwayo 990-N. Kwa wanaofuata mwaka wa Januari hadi Desemba, mwisho wake ni tarehe 15 Mei. Usipoipeleka miaka mitatu mfululizo, unapoteza msamaha wa kodi kwa nguvu ya sheria yenyewe. Orodha ya kwanza ya waliofutwa hivyo ilitolewa mwaka 2011, nayo ilikuwa na vyama karibu 275,000. Msidhani ni sisi peke yetu tunaoacha barua bila kufungua.

Nne, tulimwendea mwanasheria. Alitueleza kwamba kifungu cha 501(c)(3) ni cha vyama vya hisani na elimu kwa umma, na kwamba kuzikana wenyewe kwa wenyewe, japo ni wema, hakuhesabiwi kuwa hisani ya namna hiyo. Vyama vya fani na biashara viko chini ya 501(c)(6), vya kijamii na burudani chini ya 501(c)(7). Ulizeni kabla ya kujaza fomu.

Tano, orodha ya wanachama hupitiwa kila robo mwaka. Faida yake tuliiona katikati ya Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme sehemu nyingi za Texas, na jimbo likahesabu vifo 246. Kwa siku moja na nusu tulizipigia simu nyumba zote 58. Bibi mmoja wa Fort Worth alikutwa amewasha jiko la mkaa sebuleni ili apate joto. Kijana wetu aliyekuwa jirani alimtoa kwa wakati.

Sita, katibu hukaa miaka miwili, kisha anakabidhi.

MAKABIDHIANO

Mwaka huu zamu yangu ya kusaidia ofisi ya katibu imekwisha. Nimemkabidhi binti yetu aliyekulia Fort Worth, ambaye Kiswahili chake kina Kiingereza kingi lakini mwandiko wake ni safi. Tuliketi kwa mama yake, tukapitia vitu 14 kwenye orodha: katiba, barua ya IRS, daftari la kumbukumbu, vitabu vya hundi, ufunguo wa sanduku la posta, na vingine. Kila kimoja alikishika mkononi kwanza, ndipo akatia alama.

Tulipomaliza akauliza, "Anko, na anwani ya wakala iliyoko Austin, nani ameihakiki?" Nikamwambia nimeihakiki jana. Akasema afadhali tuihakiki tena pamoja, akafungua kompyuta yake. Tukaisoma herufi kwa herufi, kisha akatia sahihi.

Shemeji yetu yu mzima, na watoto wake wanasoma. Kila Desemba hulipa ada yake ya mwaka unaofuata kabla ya mtu yeyote, na hudai risiti. Nawaombeni jamaa wote mfuate mfano wake, na nawatakia heri na afya njema.

Aliyekuwa Katibu