Nchi Jirani: Mlinzi Juu ya Dhahabu

Tarehe 20 Septemba 2022, Serikali ya Uganda ilitangaza kuwa ugonjwa wa Ebola wa aina ya Sudan umezuka wilayani Mubende. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 11 Januari 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa, na 55 kati yao walikuwa wamefariki dunia. Tarehe 27 Septemba 2024, Rwanda nayo ilitangaza ugonjwa wa Marburg, uliowapata watu 66 na kuwaua 15. Wengi wao walikuwa watumishi wa afya. Tanzania pia imepambana na Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na mwaka 2025.

Askari aliye zamu Mutukula au Rusumo anakabiliwa na adui aliyejificha. Siku za mwanzo, Ebola na Marburg huleta homa, maumivu ya kichwa na uchovu, sawasawa na malaria. Hadi sasa uthibitisho hutegemea kipimo cha maabara kiitwacho PCR, ambacho hutafuta chembe za urithi za virusi. Mara nyingi damu husafirishwa mbali, na wakati jibu linangojewa, ugonjwa unaweza kuendelea na safari yake.

Ndiyo maana wataalamu wanatafuta vyombo vitakavyotoa jibu upesi, na mojawapo ya njia zao ni kutumia nuru pamoja na kingamwili. Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili kupigana na maradhi. Umbo lake linafanana na herufi Y: mikono miwili ya juu humshika adui mmoja maalumu, na mguu wa chini hauna kazi hiyo. Katika kipimo cha haraka cha malaria, mstari mwekundu huonekana kwa sababu kingamwili zimebebeshwa chembe ndogo mno za dhahabu zenye rangi. Chembe hizo ni alama ya kuonyesha kuwa adui amekamatwa.

Njia ya nuru haihitaji alama. Mwaka 1983, nchini Sweden, Bo Liedberg, Claes Nylander na Ingemar Lundström walionyesha jinsi inavyowezekana. Utando wa dhahabu wenye unene wa kiasi cha nanomita 50 hupakwa juu ya kioo, na nuru humulikwa kutoka upande wa chini. Katika pembe fulani, nuru inayorudi hufifia ghafla. Kitu kikitua juu ya dhahabu, pembe hiyo husogea. Mwaka 1990, kampuni ya Pharmacia Biosensor ya Sweden ilianza kuuza mashine ya namna hiyo, na maabarani watafiti wamekwisha kuijaribu njia hii kwa protini za Ebola.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Nuru hujua tu kwamba kitu kimetua. Haijui ni kitu gani. Kazi yote ya kutambua imeachiwa kingamwili. Kwa hiyo ukweli wa jibu unategemea jinsi mlinzi huyo alivyowekwa lindoni.

Kingamwili ikimwagwa tu juu ya dhahabu tupu, huweza kukunjuka na kupoteza umbo lake. Kwa hiyo kwanza dhahabu huvikwa tabaka la molekuli zenye salfa, ambayo hushikana na dhahabu kwa nguvu, kisha kingamwili hufungwa juu ya tabaka hilo kwa kemikali. Hata hivyo, kemikali hizo hushika popote zinapopata nafasi. Kingamwili nyingine husimama wima, nyingine hulala ubavu, na nyingine mikono yake huelekea chini. Hizo za mwisho ni sawa na mlinzi aliyegeuzwa uso ukutani: adui atapita nyuma yake, na chombo kitasema njia ni salama. Dawa mojawapo ni kutanguliza Protini A, itokayo kwa bakteria, ambayo hushika mguu wa kingamwili na kuiacha mikono ikiwa huru. Wala kujaza walinzi wengi mno si dawa, kwa maana wakibanana huzuiana.

Mapengo yaliyobaki nayo ni hatari. Damu imejaa protini nyingi, nazo zikinata juu ya dhahabu, chombo kitapiga king'ora cha uongo. Kwa sababu hiyo mapengo huzibwa kwa protini isiyo na madhara, kama albumini, na kando huwekwa sehemu isiyo na mlinzi huyo, ili majibu ya pande mbili yalinganishwe.

Basi, siku chombo cha namna hii kitakapoletwa mpakani, wenye dhamana wana wajibu wa kuuliza mambo matatu. Kingamwili yake inatambua virusi vya aina gani? Imefungwaje? Je, imejaribiwa kwa damu ya binadamu, au kwa maji safi ya maabara tu? Jibu la uongo la kumwachia mgonjwa apite huweza kugharimu maisha ya askari mwenyewe, ya jamaa zake na ya kijiji kizima. Hadi siku hiyo, silaha za askari ni zile zile: kutoa taarifa mapema kuhusu kila homa inayotiliwa shaka, kutogusa damu wala majimaji ya mgonjwa, na kungoja neno la maabara.