Kupanga Shahada ya Lugha kwa Kuitazama Kazi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanafunzi wa lugha mjini Kisangani anavyoweza kuyaelekeza masomo yake kwenye kazi aitakayo, bila kuipoteza elimu pana iliyo msingi wa fani za sanaa.

Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mwanafunzi alisoma miaka 3 ya ngazi ya kwanza, kisha 2 ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vilianza kuingia katika mfumo wa LMD, ambamo lisansi ni ya miaka 3 na krediti 180, yaani 30 kwa kila mhula. Krediti hupima kazi yote ya mwanafunzi, ya darasani na ya nje ya darasa. Kwa hiyo kozi huweza kulinganishwa, na uchaguzi ukapata nafasi.

Je, achague kwa kigezo gani? Huko Marekani, Charles Eliot, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliwapa wanafunzi uhuru mkubwa wa kuchagua kozi. Mrithi wake, Lawrence Lowell, aliuwekea uhuru huo mipaka: kila mmoja azame katika somo moja na kugusa nyanja nyingine. Funzo ni kwamba uchaguzi usio na shina huzaa rundo la kozi, wala si shahada.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi atakaye kuwa mkalimani wa mahakama. Shina lake ni isimu, fasihi na historia. Tawi ni tafsiri, istilahi za sheria na Kifaransa cha mahakamani. Hatua ya tatu ni mazoezi: kuhudhuria kesi, kuandika alichosikia na kukijadili na mwalimu wake. Mwenzake anayeelekea utangazaji atakuwa na shina lilo hilo, ila tawi lake litakuwa uandishi wa habari na isimujamii. Kazi hiyo ipo: Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha 4 za taifa.

Wapo wanaodai kwamba shina ni pambo tu. La hasha. Shahidi akisema "ndugu yangu", huenda anamtaja kaka, dada, binamu au mtu wa ukoo wake. Mkalimani asiyejua semantiki wala mila za jamaa atamwambia hakimu "kaka wa tumbo moja", na ushahidi utapotoka. Hapo kosa la lugha huweza kumgharimu mtu uhuru wake.

Kwa hiyo inafaa kila mwanafunzi, kabla ya mwaka wa pili, aandike ukurasa mmoja: kazi aitakayo, ujuzi inaoudai, na kozi zitakazompa ujuzi huo. Ukurasa huo aupitie pamoja na mwalimu wake kila mhula. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mahitaji ya Kiswahili yanaweza kubadilika upesi. Tawi laweza kukatwa na jingine kuchipua, maadamu shina ni zima.